Hiace ya Kwaya na Barabara za Magogo

Kazi yangu ni kupima miti. Wenye mashamba ya misonobari na mikaratusi wa wilaya ya Mufindi, na baadhi ya wa Njombe, huniita kabla ya kuuza, nami huingia shambani na kalipa, kamba na kipimo cha urefu, nikapima vipenyo vya miti katika viwanja vya sampuli, kisha nikawaambia wamesimamisha mita za ujazo ngapi. Kwa miaka mitano niliifanya kazi hiyo nikilala katika nyumba za wageni za Mafinga, na karibu kila siku saa tatu au nne zilipotelea njiani, kwa kuwa mashamba yenyewe yako mbali, kuelekea Kibao, Mgololo na Mapanda, ambako barabara ni ya udongo mwekundu na wenye barabara hasa ni magari ya magogo. Mwaka 2019 niliamua kununua gari kuukuu ambalo ningeweza kulala ndani yake nikiwa kazini. Nimelala humo, nikijumlisha usiku mmoja mmoja, zaidi ya nusu ya siku za miaka minne, na ninayoyaeleza hapa mengi niliyajua baada ya kuyakosea.

Nilipoanza kutafuta, kichwani mwangu kulikuwa na kitanda, meza ya kuandikia na pazia. Sikuwa nimefikiria kabisa kilicho chini ya sakafu. Leo mtu akiniuliza, humwambia kwamba gari la kuishi msituni huuawa na vitu viwili tu, maji na uzito, na kwamba vyote viwili hufanya kazi yao mahali ambapo mwenye gari haangalii.

Gari la kwanza nililolifikiria lilikuwa Noah, kwa sababu zimejaa kila mahali, spea zake zinapatikana hata Mafinga, na zipo zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Shemeji yangu aliniazima ya kwake nikaenda nayo Kibao siku ya ukungu. Tumbo lake liligusa tuta la katikati ya njia mara tatu kabla sijafika, na mara ya tatu liligusa kwa sauti ambayo sikuthubutu kumsimulia shemeji. Magari ya magogo huchimba mifereji miwili ya matairi na kuacha mgongo katikati, na gari fupi kwenda juu huukalia mgongo huo kama kuku anayeatamia, matairi yakizunguka bila kushika kitu.

Baada ya hapo nilivutiwa na Mitsubishi Delica, ile ya umbo la L400 yenye injini ya dizeli ya lita 2.8, ambayo inamwezesha dereva kuchagua kuvuta kwa magurudumu mawili au manne na ina gia nzito za kupandia milima. Kwa upande wa barabara peke yake, Delica ni bora kuliko gari nililonunua, na nasema hivyo bila kinyongo. Kilichonizuia ni maneno ya fundi wangu wa Mafinga, mzee ambaye amefungua injini nyingi kuliko miti niliyowahi kupima: "Bosi, hii ikifia Mapanda, mimi spea naagiza Dar, na Dar nao wanaagiza Japani. Wewe utakuwa unalala humo kweli, lakini halitembei." Nikanunua kwa kufuata duka la spea, si kwa kufuata moyo, na sijajuta.

Nilikuja kuamua Hiace ya umbo la zamani, lile lililotangulia umbo la mwaka 2004, yenye injini ya 5L ya dizeli ya lita tatu isiyo na tabo, kifaa cha kuisukumia injini hewa. Injini hiyo haina mbio. Ikipanda mlima na mzigo unaweza kuhesabu nguzo za umeme na kusoma namba zilizobandikwa juu yake. Lakini haina kompyuta, pampu yake ni ya chuma kitupu, na fundi yeyote wa njiani anaifahamu. Zilikuwapo Hiace za injini ya 1KZ, zenye tabo na nguvu tamu, ila niliziogopa kwa sababu hedi yake, yaani kifuniko cha juu cha injini, inajulikana kupasuka injini ikichemka, na mimi ningekuwa nikipanda milima mirefu kwa gia ya kwanza, mahali ambapo injini hupata joto jingi na upepo kidogo. Kuna jambo jingine ambalo sikulifikiria wakati wa kununua lakini nimelishukuru mara nyingi: injini ya Hiace hii iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mvua ikinyesha unainua kiti na kutengeneza feni belti ukiwa umekaa ndani, mkavu, na kikombe cha chai pembeni.

Ukaguzi wenyewe niliufanya Dar es Salaam na Morogoro kwa wiki mbili, na fundi wangu nilimlipia nauli na posho aje naye. Ni fedha niliyoona ni nyingi siku ile. Gari la kwanza lilikuwa Mbezi, limepakwa rangi nyeupe inayong'aa, ndani limeshonwa viti vipya, na muuzaji alisisitiza kwamba lilikuwa la familia. Fundi hakutazama viti. Alivua shati, akatandaza gunia, akaingia chini na tochi na bisibisi, akaanza kugongagonga chasisi kwa mpini wake, koo, koo, koo, mpaka alipofika juu ya ekseli ya nyuma ambapo sauti ilibadilika ikawa ya kitu kilichojaa majani. Akaigeuza bisibisi na kusukuma ncha yake, ikazama kama kisu kwenye muhogo uliooza. "Hili limefanya daladala ufukweni," alisema akiwa bado chini, "juu ni rangi tu." Tulipofunua zulia tukayaona matundu ya viti vya abiria yaliyozibwa kwa lami, na pembeni ya kila tundu bati limekuwa kahawia na jepesi kama kaki. Muuzaji alianza kupunguza bei hapo hapo, na kadiri alivyopunguza ndivyo tulivyozidi kurudi nyuma.

La tatu ndilo nililonunua. Lilikuwa la kanisa moja la Morogoro, likibeba wanakwaya siku za Jumapili na mikutano, namba zake za usajili zikiwa za herufi C, linavuta kwa magurudumu manne, na dari lake bado lilikuwa na harufu ya marashi na maandazi. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ya saa tuliyoahidiana, nikaomba kuinua kiti cha mbele na kuishika injini kwa kiganja ili nihakikishe kwamba haijapashwa moto mapema kwa ajili yangu. Dizeli iliyochoka hujificha ikiwa ya moto na hujisema ikiwa baridi. Hii ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweusi kidogo uliokatika baada ya muda mfupi; moshi mweupe unaoendelea au wa buluu unaonuka oili ungenirudisha nyumbani. Tulichomoa stiki ya oili kuangalia kama kuna rangi ya maziwa, tukafungua rejeta kuangalia kama kuna mafuta yanayoelea, kisha tukalipeleka kwenye kiwanja cha mchanga laini, matairi ya nyuma yakazamishwa makusudi, na fundi akachuchumaa pembeni kutazama kama ya mbele yanavuta kweli au ni kibandiko cha mlangoni tu. Yalivuta. Nililipa milioni 14, baada ya kulinganisha namba ya chasisi na kadi na kukata kwenye bei deni la faini tano za barabarani, 30,000 kila moja, ambazo wanakwaya hawakuwa na habari nazo.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea peke yangu, bila msaada wa mtu.

Nilitengeneza ndani kabla ya kugusa chini. Mteja mmoja alinipa mbao za mkaratusi badala ya sehemu ya malipo, nami nikaona nimepata, nikamkabidhi seremala atengeneze kitanda cha upana wa mita moja na robo, makabati pande zote mbili na meza ya kukunja. Mbao zilikuwa mbichi. Mimi ambaye huwaeleza watu kila wiki kwamba mkaratusi ukikauka haraka hupinda na kupasuka, kwa kuwa mti wenyewe hukua ukiwa umejikaza ndani, nililala juu ya kitanda cha mkaratusi mbichi; mganga hajigangi. Baada ya miezi mitatu milango ya makabati ilikuwa haifungi, na mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umejinyonga ukaacha kugusa sakafu. Hayo yangevumilika. Kilichonitisha ni mizani. Rafiki anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai aliniruhusu nipite juu ya mizani yao, na kwa kuwa nilikuwa nimelipima pia kabla ya kazi ya seremala, nilijua hasa nilichoongeza: kilo 430, kabla mimi na msaidizi wangu hatujapanda na kabla ya vifaa vya kazi. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, na nilipopima kwa rula kutoka chini ya tumbo la gari hadi ardhini nilikuta zimebaki sentimita 17, wakati siku ya kununua zilikuwa 19. Sentimita mbili ni kitu kidogo mjini. Juu ya mgongo wa barabara ya magogo ni tofauti kati ya kupita na kukalia.

Fundi alitaka kuongeza bamba moja kwenye springi za nyuma, nikakubali, na gari likainuka kweli, lakini likawa linarusha vyombo kabatini na kupiga kiuno changu kiasi kwamba baada ya wiki mbili nililitoa tena. Dawa ilikuwa kupunguza. Niling'oa mkaratusi wote, nikabakiza upande mmoja wa makabati, nikatumia msonobari uliokaushwa vizuri na plaiwudi ya milimita 9 badala ya 18, na madumu mawili ya maji ya lita 20 nikayahamisha kutoka nyuma kabisa hadi katikati, chini ya kitanda, mbele ya ekseli ya nyuma. Mzigo ulioongezeka ukashuka hadi kilo 210, na gari likarudi kuwa gari.

Kosa la pili lilikuwa la maji, na lilitoka juu, si chini. Mufindi ina baridi ya kuuma kuanzia Juni, na bati la gari ambalo watu wawili wanalala ndani yake hutoka jasho usiku kucha, matone yakatelemka nyuma ya mbao. Nilikuwa nimejaza sponji ya magodoro kati ya bati na plaiwudi ili kuzuia baridi. Nilipofungua ubao mmoja miezi mitano baadaye kwa ajili ya kupitisha waya, nilikamua sponji ile kwa mkono, maji yakamwagika hadi kwenye kiwiko, na bati lililokuwa nyuma yake lilikuwa limeanza kuota madoa ya kutu. Nikaitoa yote, nikakwangua, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikabandika mikeka ya sponji ngumu isiyonyonya maji, ile inayotumiwa chini ya mahema, nikiigandisha kabisa kwenye bati pasipo nafasi ya hewa katikati. La muhimu zaidi, tangu siku hiyo tulilala tukiwa tumefungua vioo viwili vya pembe tofauti kwa upana wa vidole viwili, hata usiku wa umande ulioganda.

Na hili la vioo lina kisa chake. Julai ya mwaka wa pili, baridi ilipozidi, tuliingiza jiko la mkaa ndani likiwa limekolea, tukafunga kila kitu. Tulikuwa tumekaa kama dakika arobaini nikiandika vipimo kwenye daftari, nikaona naandika mstari uleule mara ya pili. Kijana wangu wa kamba akasema, "Kaka, kichwa kinaniuma, nahisi kama nimekunywa ulanzi." Hatukuwa tumekunywa chochote. Alipofungua mlango na kushuka, magoti yalikataa akaanguka kwenye nyasi. Nililirusha jiko nje na majivu yake, nikamfuata kwa kutambaa, tukakaa chini ya mablanketi kwenye baridi ile hadi kichwa kilipotulia. Gesi ya mkaa haina harufu wala rangi, na gari ni chumba kidogo kuliko jiko la nyumbani. Tangu hapo mkaa haukuingia tena; tulipika nje kwa mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, na joto la usiku lilitoka kwenye chupa za maji ya moto tulizoziweka miguuni.

Umeme haukunisumbua sana, kwa sababu nilikaa chini nikapiga hesabu kabla ya kununua. Kompyuta yangu ilihitaji wati 45 kwa saa nne, yaani wati-saa 180. Taa, simu na kipokezi cha GPS vilihitaji kama 80. Jumla 260 kwa siku. Betri ya Ah 100 ya volti 12 inabeba wati-saa 1,200, lakini ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo nilikuwa na 600 za kutumia, siku mbili bila jua. Paneli ya wati 150 ilitosha kiangazi. Miezi ya ukungu nilitegemea altaneta, ile dinamo inayozungushwa na injini, ikiichaji betri ya pili kupitia relei, swichi ya umeme inayojiwasha, na fyuzi nimeiweka karibu kabisa na betri. Waya ukichubuka kati ya betri na fyuzi iliyo mbali, hakuna cha kuukata moto, na gari zima ni mbao na godoro.

Kisha mvua za Desemba zilinifundisha kuhusu difu, ile nyumba ya gia iliyo katikati ya ekseli ya nyuma. Nilivuka kijito kimoja kirefu kidogo baada ya mwendo wa saa mbili, maji yakifika katikati ya matairi, na wiki tatu baadaye difu ikaanza kulia. Fundi alipoifungua, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Difu ya moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa iliyomo hunywea na difu huvuta chochote kilicho karibu na tundu lake la kupumulia, na tundu la yangu lilikuwa pale pale juu yake. Tiba yake ilikuwa mpira wa mita moja, kibana na kupandisha tundu hilo hadi usawa wa sakafu, kazi ya nusu saa ambayo ingeniokolea seti ya bearingi.

Juu ya uendeshaji sina mengi, kwa kuwa barabara ndiyo mwalimu. Nilibadili matairi nikaweka yenye meno makubwa ya plai 8, nikabeba pampu ndogo ya upepo, na kwenye utelezi nilishusha upepo kutoka psi 45 hadi 25, jambo lililonikwamua mara nyingi kuliko ule uwezo wa magurudumu manne. Nilibeba beleshi, mnyororo, na mbao mbili nene za kuweka chini ya matairi. Hizo zilikuwa za mkaratusi, na hapo ndipo mkaratusi wangu ulipopata kazi inayoufaa. Mahali nisipopajua nilishuka nikatembea kwanza, hasa kwenye makalavati na madaraja ya magogo. Mvua ikikatika nilisubiri. Udongo wa Mufindi ukipigwa na jua kwa saa tatu hubeba gari ambalo asubuhi lingelala mtaroni. Gari la magogo likishuka limebeba, wewe ndiye unayerudi nyuma, hata kama sheria iko upande wako, kwa sababu breki zake haziko upande wa mtu yeyote.

Mahali pa kulala nilichagua kwa kutazama juu kabla ya kutazama chini, kwani mikaratusi mikubwa huangusha matawi hata siku isiyo na upepo. Kiangazi sikuegesha kamwe juu ya nyasi kavu, kwa sababu bomba la moshi hubaki na joto la kuwasha moto muda mrefu baada ya kuzima injini. Ndani ya shamba la Serikali la Sao Hill sikulala bila kibali, na vijijini nilianzia ofisi ya kijiji kusaini kitabu cha wageni, maana gari lenye mapazia linaloegeshwa usiku kando ya shamba huzaa uvumi haraka kuliko msonobari unavyotoa mbegu. Mara moja nilichelewa kuripoti, na asubuhi nilimkuta bibi mmoja amesimama mlangoni na fimbo, vijana wanne wakiwa nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia, "Kamwene," kisha akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, wewe huna kwenu?"

"Ninako, bibi, ila kazi iko huku."

"Basi ungesema jana, ungelala ndani. Hili ni gari, si nyumba."

Mchana alituma sufuria ya viazi vya kuchemsha, na kwa miaka miwili iliyofuata niliegesha uani kwake kila nilipopita njia ile.

Mwaka jana nililiuza, kwa kuwa nimeoa na mwenzangu hakushawishika na chupa za maji ya moto. Mnunuzi alikuwa kijana mpiga picha za ndege anayetaka kuzunguka misitu ya Udzungwa. Alifungua mlango wa pembeni, akakaa kitandani, akavuta pazia, akawasha taa zote moja baada ya nyingine, akatabasamu, akauliza bei ya mwisho. Nilimpa gunia, tochi na bisibisi, nikamwomba avue koti kwanza.